Kikombe cha Mpunga, Nusu Kikombe cha Mchele: Hesabu za Nyumbani Kyela

Kando ya barabara inayotoka Kyela mjini, ikapita Ipinda hadi Matema ziwani, watoto huwauzia wasafiri ndizi na maembe. Tuseme chane moja ni shilingi 1,500. Abiria akichukua tatu na kutoa noti ya elfu kumi, mtoto wa miaka kumi atamrudishia 5,500 bila kuomba karatasi wala simu ya mtu. Mtoto huyohuyo akikuta 10,000 – (3 × 1,500) imeandikwa ubaoni, mara nyingi hukwama. Watu wazima tumezoea kulimaliza jambo hili kwa kauli moja: ana akili ya biashara, ya shule hana. Kauli hiyo ni ya uongo, na imewakatisha tamaa watoto wengi.

Uongo wake uliwahi kupimwa mbali na hapa, lakini katika mazingira ambayo mtu wa Kyela angeyatambua upesi. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto watano wa umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza vitu sokoni Recife, kaskazini mashariki mwa Brazili. Kwanza waliwaendea kama wanunuzi wa kawaida, wakawauliza bei ya vitu kadhaa kwa pamoja na chenji wanayodai. Watoto walipata maswali 98 katika kila 100. Baadaye waliwapa hesabu zilezile kwenye karatasi, namba tupu zisizotaja nazi wala pesa. Safari hii walipata 37 tu katika kila 100. Maswali yaleyale yalipovikwa hadithi fupi, walipata kama 74.

Mmoja wao, mvulana wa miaka 12, aliulizwa sokoni bei ya nazi nne, moja ikiwa 35. Alijua tatu ni 105, akaongeza 35, akasema 140. Alipoandikiwa 35 × 4 karatasini, alifuata kanuni aliyofundishwa na kuivuruga: 4 mara 5 ni 20, akabeba 2, akaijumlisha na 3 ikawa 5, akazidisha tena kwa 4, akaandika 200. Hakushtuka kwamba nazi zilezile zimepanda bei. Hesabu ya mkononi na hesabu ya daftarini ziliishi katika kichwa kimoja bila hata kuamkiana.

Uchunguzi huo una pande mbili, na wengi hushika upande mmoja tu. Upande wa kwanza unafurahisha: mtoto wa sokoni ana hesabu, tena nzuri. Upande wa pili ni mgumu zaidi: kushika nazi kila siku hakukumsaidia mvulana yule mbele ya karatasi. Kwa hiyo anayedhani kwamba mtoto akikaa jikoni na kuhesabu ndizi atafaulu Hisabati moja kwa moja, anajidanganya. Chakula kinamfundisha mtoto hesabu pale mtu mzima anapomtaka akadirie kabla ya kupima, aseme kwa mdomo alichokifanya kwa mikono, kisha akiandike palepale. Bila hatua hiyo ya mwisho ndizi itabaki ndizi.

Tuelewane pia kuhusu nyumba kuwa shule. Kumsomesha mtoto nyumbani bila kumwandikisha popote si desturi yetu, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe shule ya msingi. Hata hivyo kila nyumba ya Kyela ina nyakati zake za kuwa shule. Masika mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe ikifura, zipo siku ambazo njia haipitiki. Kuna likizo. Kuna mtoto wa miaka minne ambaye bado anashinda na bibi yake, na kijana aliyepitwa na umri wa darasa la kwanza anayetafuta nafasi katika mpango wa MEMKWA. Na sote tunakumbuka mwaka 2020, shule zilipofungwa nchi nzima katikati ya Machi kwa sababu ya korona, za msingi zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Kwa miezi mitatu na zaidi mamilioni ya wazazi waligeuzwa walimu bila kitabu wala semina. Wengi waliona hawana cha kufundishia, ilhali mpunga ulikuwa umejaa vihengeni.

Tuanze na huo mpunga, maana Kyela na mchele havitengani, na sioni kifaa cha hesabu kinachoushinda.

Bibi anampa mjukuu kikombe kilichojaa mpunga, juu kimepanguswa kwa kijiti ili kiwe sawa na ukingo. Kabla haujamwagwa kinuni anamuuliza: "Tukimaliza kutwanga na kupepeta, mchele utafika wapi kwenye kikombe hiki?" Mtoto huonyesha kwa kidole karibu na juu. Wanatwanga, wanapepeta, mchele unarudishwa kikombeni. Unafika katikati, wakati mwingine chini kidogo ya katikati.

"Bibi, mwingine umekwenda wapi?"

"Utafute, mjukuu wangu."

Anautafuta kwenye ungo na kukuta makapi na pumba. Akiyakusanya na kuyatia katika kikombe cha pili, mara nyingi yanapita nusu, na yasiposagika sana yanakaribia kukijaza. Hapo mtoto amepata kitendawili kizito kuliko vingi vilivyomo katika kitabu chake: kilichotoka katika kikombe kimoja, kikigawanywa, kimezidi kikombe kimoja. Mwachie muda, usimkimbilie na jibu. Akifikiri ataona kwamba kila punje ilikuwa imelala ndani ya ganda lake, na sasa maganda matupu yamebeba hewa mahali palipokuwa na punje. Ujazo umebadilika kwa sababu vitu vimepangika upya.

Hapa ndipo mizani inapohitajika. Ya kutengeneza inatosha: kijiti kilichonyooka kikining'inizwa katikati kwa kamba, na sahani mbili za plastiki zinazolingana zikafungwa kwenye ncha zake. Mawe ya mizani pia yapo. Maji ya nusu lita yana uzito wa gramu 500, kwa hiyo chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa inafaa, maana plastiki yake ni nyepesi mno. Chupa mbili zinakaribia sana kilo. Mtoto akiuweka mchele na makapi yake upande mmoja, na upande wa pili kikombe kingine cha mpunga uliojaa kama ule wa kwanza, kijiti kitakaa karibu sawa. Uzito haukupotea, ila kidogo kilichoruka wakati wa kupepeta. Mchele peke yake ni kama asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa mpunga. Kwa uzito, basi, amebakiwa na karibu theluthi mbili. Kwa ujazo, karibu nusu. Sehemu mbili tofauti zimetoka katika jambo moja, na zote ni za kweli.

Huu si mchezo wa kitoto. Kutofautisha ujazo na uzito ni hesabu ambayo imewagharimu wakulima wengi. Debe la lita 20 la mpunga, likipanguswa juu, lina uzito wa kilo 11 au 12 hivi, na likikobolewa hutoa mchele wa kilo 7 na kidogo. Mtoto wa darasa la tano anayeyajua haya kwa mikono yake anaweza kukaa na baba yake wakalinganisha: tuuze debe la mpunga leo, au tulipie mashine tuuze mchele kwa kilo? Akiandika mistari yake minne mitano, gharama ya kukoboa ikiwa ndani na pumba zitakazouzwa zikiwa ndani, amefanya hesabu ya mafumbo ambayo hakuna aliyemtungia.

Papo hapo lipo somo la kipimo cha haki. Mpe vikombe viwili vilivyo sawa, ajaze kimoja na kukipangusa, cha pili akijaze hadi kiwe na kilima. Kisha ahesabu kwa kijiko mchele ulio katika kile kilima. Kilima ni vijiko vingapi? Katika vikombe kumi kama hivyo mnunuzi amechukua vijiko vingapi ambavyo hakuvilipia? Lumbesa ni hesabu hiyohiyo kwa kiwango cha gunia, na ndiyo sababu tuna Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo wanaokagua mizani na kupiga vita magunia yaliyoshonewa vilemba. Tatizo si la Tanzania pekee. John Gay na Michael Cole, waliochapisha mwaka 1967 kitabu kuhusu hesabu za Wakpelle wa Liberia, walieleza kwamba mfanyabiashara alinunua mchele kwa kikombe ambacho kitako chake kilikuwa kimegongwagongwa mpaka kikabinuka nje, na akauza kwa kikombe ambacho kitako chake kilikuwa hakijaguswa. Mtoto aliyewahi kupima kilima cha mchele kwa kijiko hataibiwa hivyo kirahisi.

Gay na Cole waligundua jambo lingine ambalo linapaswa kuwapa moyo akina mama wa Kyela. Waliweka mchele katika bakuli na kuwauliza watu ni vikombe vingapi. Wakpelle, wakulima wa mpunga ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani, walikadiria vizuri kuliko Wamarekani wenye elimu. Kukadiria ni ujuzi wa hesabu kamili, na katika kila kaya inayolima mpunga kuna mtu mzima aliyebobea. Mama anayetupia jicho sufuria na kusema mchele huu hautoshi watu saba, amefanya hesabu. Kasoro yetu ni kwamba huifanya kimya. Akisema kwa sauti jinsi alivyofikiri, mtoto aliye karibu naye atakuwa amefundishwa.

Kutoka kinuni twende jikoni. Mtoto ameona kwamba vikombe 2 vya mchele hupikwa kwa vikombe 4 vya maji. Jioni wamekuja wageni, mchele umekuwa vikombe 5. Maji je? Watoto wengi watasema 7. Wanafikiri hivi: kutoka 2 kwenda 4 tumeongeza 2, basi kwenye 5 tuongeze 2. Kosa hili ni maarufu duniani kote, na ndilo linalowafanya wengi wasielewe uwiano hadi sekondari. Kufikiri kwa kuongeza kumekaa mahali pa kufikiri kwa kuzidisha. Darasani mwalimu angeweka alama ya mkasi na kuendelea. Jikoni mtoto anaweza kuliona kosa lenyewe. Chukua vikombe vidogo vya kahawa, umpikie mchele kidogo kwa maji aliyoyataja yeye, na mwingine kwa maji ya mama. Ule wa kwanza utakuwa na kiini. Muulize sasa kila kikombe kimoja cha mchele kilipata maji kiasi gani katika sufuria ya mwanzo, na kiasi gani katika sufuria yake. Moja ilipata 2. Nyingine ilipata 7 gawanya kwa 5, haikufika hata kimoja na nusu. Atakuwa ameuona uwiano kwa macho na kuutafuna kwa meno.

Na mpishi mzoefu atanikosoa hapa, kwa haki. Atasema sufuria kubwa haihitaji maji mara mbili kamili, mchele mpya unataka maji machache kuliko wa zamani, na moto wa kuni unakausha kuliko jiko la mkaa lililofunikwa. Asinyamazishwe. Mwambie mtoto kwamba kanuni ya 1 kwa 2 ni mahali pa kuanzia, na mpishi huirekebisha kwa sababu anazozijua. Mtoto anayejua kwamba kanuni ina mipaka yake anaielewa kuliko yule aliyeikariri.

Tofauti ya umri isisahauliwe. Mtoto wa miaka mitano hapaswi kupelekwa kwenye asilimia. Yeye mpe kikombe kirefu chembamba na bakuli pana, mwagie mchele kutoka kimoja kwenda kingine mbele ya macho yake, umuulize wapi pana mchele mwingi. Karibu wote watachagua kikombe kirefu. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alilichunguza sana jambo hili, akaonyesha kwamba mtoto huhitaji kukua hadi miaka saba hivi ili aamini kwamba kiasi hakibadiliki kwa kubadilisha chombo. Lakini mwaka 1969 ulichapishwa utafiti wa Price-Williams na wenzake kutoka Meksiko: watoto wa wafinyanzi, waliozoea kuushika udongo, waliwatangulia wenzao wa umri huohuo katika kuelewa kwamba udongo uliobonyezwa ni uleule. Tunao wafinyanzi wetu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, hufinyanga vyungu vinavyoletwa kwa mitumbwi hadi Matema kuuzwa. Mtoto aliyekaa karibu na donge la udongo likigeuka chungu ana kitu ambacho mtoto wa mjini hununuliwa dukani. Na chungu chenyewe, kwa tumbo lake lililobeba mengi kuliko kimo chake kinavyoonyesha, ni mtihani mzuri wa kukadiria: vikombe vingapi vya maji vitakijaza? Kila mmoja nyumbani ataje namba yake, iandikwe, ndipo mjaze.

Ndizi na mahindi nitayapitia upesi kwa sababu kazi yake iko wazi. Chane ya ndizi hubeba ndizi zake katika safu mbili. Mtoto akizioanisha, ya juu na ya chini, atajua bila kuhesabu moja moja kama ni namba shufwa au witiri: ikibaki isiyo na mwenzake, ni witiri. Mkungu mzima una chane kubwa juu na ndogo mkiani, hivyo kuzidisha idadi ya chane kwa ndizi za chane ya kwanza kutaleta jibu kubwa mno. Achague chane ya katikati, azidishe, kisha mama akizimenya kwa ajili ya mbalaga ahakikishe. Huo ni mwanzo wa wastani, miaka kadhaa kabla hajakutana nao kitabuni.

Muhindi una siri yake. Weka alama ya mkaa kwenye safu moja ya punje ili usipotee, kisha zungusha gunzi ukihesabu safu hadi urudi kwenye alama. Utapata 12, 14 au 16, na karibu kamwe hutapata 13 wala 15, kwa kuwa maua ya gunzi changa huota mawilimawili. Wape watoto mahindi matano kabla hayajaenda motoni, waandike namba zao, uwaulize wameona nini. Kisha kuzidisha: safu 14, kila moja punje 35. Waivunje kama yule mvulana wa Recife alivyovunja nazi zake: 14 mara 30 ni 420, 14 mara 5 ni 70, jumla 490. Hiyo ndiyo njia ya sokoni, na ikiandikwa chini ni njia halali kabisa ya daftarini. Mwalimu asiikate.

Nikija kwa samaki wa Ziwa Nyasa, mbasa na usipa, nataka kukaa kidogo, kwa sababu ya jambo moja ambalo shule hulipita haraka. Tuseme zimebaki mbasa 17 za kugawana nyumba 5. Daftarini jibu ni 3, baki 2, na hesabu imekwisha. Ufukweni ndipo hesabu inapoanza. Hizo mbili anapewa nani? Mwenye nyavu? Bibi anayeishi peke yake? Zikatwe vipande, kila nyumba ipate mbili ya tano? Zipikwe pamoja papo hapo? Kila uamuzi una hesabu yake na una sababu yake, na mtoto akitakiwa kuutetea mbele ya kaka na dada zake ataelewa kwamba kugawanya kuna maana mbili: kugawa sawa, na kugawa kwa haki. Wazee wetu walizijua zote mbili.

Usipa, kwa upande wake, hauhesabiki mmoja mmoja, na hilo ni zuri. Chukua bakuli la usipa uliokauka. Mtoto achote vijiko vitatu mahali tofauti, ahesabu kila kimoja: 12, 15, 15. Jumla 42, wastani 14. Kisha apime bakuli lina vijiko vingapi. Vikiwa 22, bakuli lina samaki kama 308. Atauliza, na ni lazima aulize, kwa nini tusihesabu wote. Mjibu kwamba maofisa wa uvuvi nao hawawezi kuhesabu samaki wote wa ziwa. Hupima sehemu ndogo kwa uangalifu na kukadiria nyingine.

Mtoto mkubwa aliye tayari kwa namba za pesa mpe kakao. Kyela ndiyo inayoongoza kwa kakao nchini, na watoto huijua zaidi kwa ule utamu mweupe unaonyonywa kwenye mbegu. Tunda moja linatosha, kwa sababu utamu huo unahitajika mbegu zichachuke vizuri, na mbegu zilizonyonywa haziendi kwa mnunuzi. Lipasueni taratibu, muone zilivyopangika kuzunguka kitovu chake katika safu tano. Jedwali la tano limelala humo: mara nyingi mbegu 30 hadi 40. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Kijana abadilishe hiyo kuwa dola kwa kilo, kisha shilingi kwa kilo, akailinganishe na bei ya mnada aliyosikia kwenye chama cha msingi cha ushirika. Tofauti atakayoiona ina majibu yake, usafiri na ushuru na ubora, na anayo haki ya kuyauliza.

Kabla ya kumaliza nina mambo matatu. La kwanza ni pingamizi ambalo nimelisikia mara nyingi na ninaliheshimu: chakula hakichezewi. Vitabu vya wazazi wanaosomesha nyumbani huko Marekani na Ulaya hushauri watoto wabandike tambi na maharage kwenye karatasi, au wapange pipi kwa rangi na kuzihesabu. Kwa nyumba inayojua mwezi wa Februari, kabla mavuno hayajafika, ushauri huo unaudhi. Shughuli zote nilizozieleza zinaishia chunguni, na nadhani lazima iwe hivyo. Mtoto anahesabu mchele kwa sababu unachambuliwa, ndizi kwa sababu zinamenywa, samaki kwa sababu wanagawanywa. Usalama nao una sehemu yake: mikono ioshwe, kisu kibaki kwa mkubwa, na mtoto mdogo asiachwe na punje anazoweza kuzitia puani.

Jambo la pili ni wavulana. Jikoni kwetu humkuta zaidi msichana, na ufukweni mvulana. Ikiwa mchele na ndizi ndivyo vitabu vyetu, basi tumempa kila mmoja nusu ya maktaba. Kaka akatwange, dada akahesabu mbasa.

La tatu ni lugha. Bibi akihesabu kwa Kinyakyusa, mjukuu naye ahesabu kwa Kinyakyusa. Wingi hauna kabila. Akishaelewa, aandike kwa Kiswahili, lugha atakayoulizwa shuleni, na siku yake ya sekondari ikifika Kiingereza kitakuta jambo limekwisha kueleweka. Ninachokataa ni kumkatisha mtoto katikati ya hesabu ili kumsahihisha lugha.

Walimu wa darasa la kwanza na la pili wanajua kwamba mtaala wao umejengwa juu ya KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na wengi wana watoto wengi kuliko madawati. Siwaombei mzigo mpya. Ninawaomba tu waulize asubuhi moja kwa wiki: nani alipima nini nyumbani? Mtoto aje na namba zake, aziandike ubaoni, wenzake wazikague. Mvulana wa Recife alikosa mtu wa kumwambia kwamba 140 yake ya sokoni ilikuwa sahihi na kwamba angeweza kuitumia kuikosoa 200 ya karatasini.

Nawe mzazi, kama jioni ya leo kuna mchele wa kupikwa, mwite mtoto kabla hujaupima. Ataje kwanza vikombe vitakavyowatosha, apime mwenyewe, aseme maji yatakuwa kiasi gani na kwa nini, na daftari lake la Hisabati liwe palepale karibu na ungo.